Ukuta au mpokeaji? Namna ya kusoma mahitaji ya timu kabla ya drafti ya NFL

"Niko Kansas City, Marekani, mwaka wa sita sasa, na Chiefs wa NFL, ligi ya futiboli ya huku, wamekuwa timu yangu. Walipopigwa na Eagles 40–22 kwenye fainali, Super Bowl ya Februari 2025, mimi na wenzangu kazini tulikubaliana kwamba shida ni wapokeaji, maana mpira haukwenda popote. Drafti ya Aprili, ambako timu huchagua vijana wa vyuo kwa zamu, ilipofika wakamchukua Josh Simmons, kijana wa ukuta, tena alikuwa ameumia goti. Sikuelewa. Mimi nimekulia kwenye mpira wa miguu: Simba ikikosa mshambuliaji, inasajili mshambuliaji. Hawa wanapimaje kikosi mpaka wajue wanamhitaji nani? Nataka niweze kuifanya hesabu hiyo mwenyewe. Halafu nina mpwa wangu wa miaka 16 anacheza ukuta shuleni, na kocha amemwambia ana mikono mifupi. Ana nafasi kweli?"

Ndugu msomaji, ulichokiona kwenye mechi ile ni kweli: wapokeaji hawakupata mpira. Ulipokosea ni kwenye sababu, na kosa hilo hufanywa na watazamaji wengi kwa kuwa macho yetu huufuata mpira. Ili pasi ndefu ifike, kwotabeki, yaani mrusha pasi, anahitaji kama sekunde 3 za utulivu. Kazi ya kumpa utulivu huo ni ya watu watano wa ukuta: senta katikati, gadi wawili kushoto na kulia kwake, na watu wawili wa pembeni. Usiku ule Patrick Mahomes, kwotabeki wa Chiefs, aliangushwa mara 6.

Kibaya zaidi ni namna alivyoangushwa. Eagles hawakutuma mvamizi (mlinzi anayemkimbilia kwotabeki kumwangusha) wa ziada hata mara moja. Kwa kawaida timu ikitaka kumsumbua kwotabeki hutuma watu watano au sita, na hapo hulipa gharama, kwa sababu nyuma kunabaki nafasi. Eagles walivamia kwa wanne tu wakawashinda watano wa Chiefs, huku watu wao saba wakibaki nyuma kuwafunika wapokeaji. Katika hali hiyo ungemleta mpokeaji yeyote duniani, angezungukwa na watu wawili na kwotabeki wake asingekuwa na muda wa kumwona. Kwa hiyo swali la kwanza katika kupima kikosi ni hili: nini kilivunjika kabla ya kile nilichokiona kikivunjika?

Sasa tazama historia ya nafasi moja, mtu wa pembeni kushoto, anayelinda mgongo wa kwotabeki anayetumia mkono wa kulia. Msimu wa 2024 Chiefs walianza na Kingsley Suamataia, chaguo la raundi ya pili la mwaka huohuo. Kwenye mechi ya pili tu aliondolewa uwanjani. Akaingia Wanya Morris wa raundi ya tatu ya 2023, naye hakutosha. Wakamsajili D.J. Humphries msimu ukiwa umekwisha anza, akaumia msuli wa paja. Mwishowe wakamhamisha Joe Thuney, gadi wao bora wa kushoto, wakampeleka pembeni, na nafasi yake ya ndani akaizibia Mike Caliendo. Kuhamisha mtu kwenye ukuta huwa na hasara hiyo: unaziba tundu moja kwa kufungua la pili, na Eagles waliyaingilia yote mawili. Timu iliyojaribu watu wanne kwenye nafasi moja kwa msimu mmoja haihitaji mtaalamu wa kuiambia inakosa nini.

Mfano wako wa Simba unahitaji marekebisho. Klabu ya mpira wa miguu ikiwa na fedha inaweza kumfuata mchezaji inayemtaka dirishani na kumlipa inavyoweza. NFL ina mipaka miwili ambayo kule haipo. Wa kwanza ni kikomo cha mishahara, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola milioni 279.2 kwa kila timu. Tajiri na maskini wanapikia chungu chenye ujazo mmoja. Wa pili ni zamu. Drafti ina raundi 7 kwa timu 32, na aliyefanya vibaya huchagua kwanza. Timu 18 zilizokosa mchujo huchagua mwanzoni, aliyepoteza Super Bowl ana namba 31 na bingwa ana namba 32. Chiefs walikuwa na 31, wakabadilishana na Eagles haohao, wakarudi nyuma hadi 32 na kupewa chaguo la 164 juu yake. Kabla zamu yako haijafika, watu 31 wameshachukuliwa na wengine, iwe uliwahitaji au hukuwahitaji.

Mipaka hiyo miwili ndiyo inayoipa drafti thamani yake. Mchezaji wa drafti hufungwa kwa mkataba wa miaka 4 wenye malipo yanayoamuliwa na namba aliyochaguliwa, na wa raundi ya kwanza timu inaweza kumwongezea mwaka wa tano. Chaguo la 32 la mwaka 2025 linagharimu chini ya dola milioni 4 kwa mwaka. Tristan Wirfs wa Tampa Bay, mtu wa pembeni kushoto wa daraja la juu, alisaini mwaka 2024 mkataba wa wastani wa milioni 28 kwa mwaka. Ukimpata kijana anayeifanya kazi ya Wirfs kwa malipo ya chaguo la 32, umeokoa zaidi ya milioni 20 za kumlipa mtu mwingine. Ndiyo maana nafasi zinazotawala raundi ya kwanza ni zile zilizo ghali sokoni: kwotabeki, watu wa pembeni wa ukuta, wavamizi wa pembeni, konabeki (beki anayemfunika mpokeaji) na wapokeaji. Gadi, mkimbiaji au beki wa mwisho anaweza kuwa hitaji la kweli kabisa, lakini timu nyingi huona ni nafuu kumtafuta raundi za katikati au kwa mkataba wa mwaka mmoja.

Hesabu unayotaka kuifanya inaanza na daftari au jedwali la kompyuta. Andika majina yote 53 ya kikosi, ukiyapanga kwa nafasi. Mbele ya kila jina weka mambo manne: umri atakaokuwa nao Septemba ijayo, mwaka mkataba wake unapoisha, asilimia ya snapu alizocheza msimu uliopita, na mechi alizokosa kwa majeraha. Snapu ni kila mara mpira unapoanzishwa. Kila upande hucheza snapu 1,000 na ushei kwa msimu wa mechi 17, na asilimia hizo huchapishwa wazi baada ya kila mechi. Safu ya umri na ya mkataba ndizo watu huruka, na ndizo zenye majibu.

Usidanganywe na neno "kikosi cha kwanza" la watu 22. Siku hizi timu nyingi hushambulia zikiwa na wapokeaji watatu kwa zaidi ya nusu ya snapu zao, kwa hiyo walinzi hujibu kwa kuweka mabeki watano badala ya wanne. Maana yake konabeki wa tatu ni mchezaji wa kudumu hata kama orodha rasmi inamwita wa akiba, na lainibeka (mlinzi wa safu ya kati) wa tatu anaweza kuanza mechi akacheza robo ya snapu tu. Mpime mtu kwa snapu zake, hata kama jina lake liko chini kwenye orodha. Vivyo hivyo kwenye ukuta: hesabu saba, watano wanaocheza na wawili wa akiba, mmoja wa ndani na mmoja wa pembeni, kwa sababu msimu wa mechi 17 karibu lazima uwaguse.

Kisha chora mstari wa miaka miwili mbele, nami naona hapa ndipo wabashiri wengi hupotea. Hitaji la drafti kwa kawaida si shimo la leo. Shimo la leo huzibwa Machi, dirisha la wachezaji huru linapofunguliwa, kwa mtu mzima anayejua kazi. Drafti ya Aprili inaziba shimo la mwaka kesho na keshokutwa, maana vijana wengi huchukua msimu mzima kujifunza. Chiefs walifanya yote mawili mwaka 2025. Machi walimsajili Jaylon Moore kutoka San Francisco kwa miaka miwili na milioni 30, awe kinga endapo wasingempata kijana, na Thuney wakampeleka Chicago kwa chaguo la raundi ya nne la 2026. Aprili wakamchukua Simmons, na Septemba yeye ndiye aliyeanza upande wa kushoto. Suamataia, aliyeshindwa pembeni, akaingia ndani kuwa gadi.

Machaguo mengine ya mwaka huo utayaelewa vizuri ukiwa na safu ya mikataba mbele yako. Drafti ya Chiefs ya 2022 iliwaletea kundi kubwa la vijana, na mikataba ya miaka 4 iliyosainiwa mwaka mmoja huisha mwaka mmoja. Baada ya msimu wa 2025 ilikuwa inaisha kwa mkupuo ya beki wa mwisho Bryan Cook, lainibeka Leo Chenal, konabeki Joshua Williams na Jaylen Watson, na mkimbiaji Isiah Pacheco. Sasa soma orodha ya 2025: Nohl Williams, konabeki, raundi ya tatu, Jeffrey Bassa, lainibeka, raundi ya tano, Brashard Smith, mkimbiaji, raundi ya saba. Siku anachaguliwa, kila mmoja alionekana si wa lazima. Kila mmoja alikuwa akiandaliwa kwa kiti ambacho huenda kingekuwa wazi mwaka mmoja baadaye. Mpokeaji naye walimchukua, Jalen Royals, ila raundi ya nne, kwa sababu tayari walikuwa na Xavier Worthy wa raundi ya kwanza ya 2024 na Rashee Rice aliyekuwa akirudi kutoka jeraha la goti.

Swali lako, kwa kweli, Kansas City imewahi kulijibu kabla. Machi 2022 walimuuza Tyreek Hill kwenda Miami kwa machaguo matano, na karibu kila mtu akasema raundi ya kwanza lazima iwe mpokeaji. Wakati huohuo Charvarius Ward, konabeki wao, alikwenda San Francisco, na beki wa mwisho Tyrann Mathieu, ambaye baadaye alikwenda New Orleans, hakuongezewa mkataba. Nafasi za wapokeaji walizijaza kwa wachezaji huru wazoefu. Raundi ya kwanza wakachukua konabeki Trent McDuffie na mvamizi wa pembeni George Karlaftis. Mpokeaji Skyy Moore alikuja raundi ya pili na hakuwahi kuwa nguzo. Februari 2023 wakawafunga Eagles 38–35 wakachukua kombe, huku Pacheco, chaguo la 251, akiwa mkimbiaji wao mkuu.

Kumpata McDuffie ilibidi wapande kutoka namba 29 hadi 21, na bei yake unaweza kuikagua mwenyewe. Kuna jedwali la thamani lililotengenezwa Dallas enzi za kocha Jimmy Johnson, miaka ya 1990 mwanzoni, ambamo chaguo la kwanza ni pointi 3,000 na la 32 ni pointi 590. Namba 21 ni pointi 800. Chiefs waliwapa New England namba 29 yenye pointi 640, namba 94 yenye 124 na namba 121 yenye 52. Jumla 816. Bei ya haki, imepita kidogo tu. Jedwali hilo ni la zamani na timu nyingi zina la kwao linalothamini zaidi machaguo ya katikati, lakini kwa mtu wa nje bado linatosha kupima kama biashara ina akili. Ukiona timu imelipa pointi 200 au 300 za ziada, ujue hitaji limeigeuza kuwa na pupa.

Na pupa ndiyo hatari kubwa ya kuchagua kwa hitaji. Timu zenye nidhamu huwapanga vijana kwa madaraja. Wakiwa wawili wa daraja moja, hitaji ndilo linaloamua. Mmoja akiwa amemzidi mwenzake kwa daraja zima, unamchukua aliye bora hata kama nafasi yake imejaa, kwa sababu majeraha na mikataba vitaifungua mapema kuliko unavyodhani. Kumbuka pia kwamba si kila mwaka una vijana 32 wenye kiwango cha raundi ya kwanza. Mara nyingi timu huona 15 hadi 20. Anayechagua namba 32 karibu kila mara anachagua mtu wa daraja la pili, au mtu wa daraja la kwanza mwenye doa.

Simmons alikuwa huyo mwenye doa. Oktoba 2024, akikichezea chuo cha Ohio State dhidi ya Oregon, alikatika kano ya goti iliyo chini ya kifuniko chake. Mechi sita alizocheza msimu ule zilikuwa za kiwango cha kuchukuliwa mapema sana, na mtu wa pembeni kushoto mwenye afya wa kiwango hicho hafiki namba 32. Chiefs walinunua hatari kwa bei ya punguzo, na waliwahi kufaidika hivyo: Trey Smith, gadi wao wa kulia, aliporomoka hadi namba 226 mwaka 2021 kwa sababu ya historia ya damu kuganda mapafuni, akaanza tangu mechi ya kwanza, na mwaka 2025 akasaini miaka 4 kwa milioni 94. Lakini ripoti za madaktari huzioni wewe wala mimi. Timu huwachunguza vijana Indianapolis mwishoni mwa Februari na kuwarudia wenye majeraha Aprili, na kila timu inaruhusiwa kuwaita hadi 30 makao makuu yake. Ukisikia timu yako imemwita kijana mwenye jeraha, mara nyingi ni daktari ndiye anayemtaka.

Hivyo daftari lako litakuambia vizuri nafasi ipi ina shimo na lini. Halitakuambia jina. Orodha za ubashiri zinazotofautiana hivyo zisikuchanganye. Soma za waandishi wanaofuata timu moja kila siku, na zipuuze zinazobadilika kila wiki bila mkataba kusainiwa wala mtu kuumia. Matokeo ya drafti yahukumu baada ya misimu mitatu. Chaguo la 63 limewapa Chiefs Travis Kelce mwaka 2013, Creed Humphrey mwaka 2021 na Suamataia mwaka 2024. Namba ni ileile, na kila mmoja alikomaa kwa mwendo wake.

Nije kwa mpwa wako. Urefu wa mkono hupimwa kutoka mfupa wa juu ya bega hadi ncha ya kidole cha kati. Kwa mtu wa pembeni wa NFL timu nyingi hutaka sentimita 84 au zaidi, kwa sababu anapambana na mvamizi mwenye kasi kwenye nafasi ya wazi, na anayegusa kifua cha mwenzake kwanza ndiye anayeongoza pambano. Mkono ukiwa mfupi, mvamizi anagusa kwanza. Ndani, kwa gadi na senta, nafasi ni finyu, kwa hiyo urefu unapungua uzito na nguvu za nyonga na miguu zinaongezeka. Kipimo hicho si hukumu. Will Campbell wa chuo cha LSU alipimwa sentimita 82.9 Indianapolis, mjadala ukawa mkubwa, na New England wakamchagua namba 4 mwaka 2025, awe mtu wa pembeni. McDuffie ana mkono wa sentimita 75.6, mfupi kwa konabeki, na msimu wa 2023 alitajwa kwenye kikosi bora cha ligi nzima.

Mpwa wako ana miaka 16 na mwili haujamaliza kukua. Mwambie aanze kujifunza gadi, na kila baada ya mazoezi aanzishe mpira mara 50 kama senta, mpira ufike kwenye mikono ya kwotabeki mahali palepale kila mara. Kijana anayeweza kucheza nafasi tatu za ndani hupata nafasi ambayo mwenye nafasi moja haipati. Drafti kwake iko mbali, maana sheria inataka miaka mitatu ipite baada ya sekondari. Lango la karibu ni chuo. Hapo usitegemee maandishi yangu. Panga miadi na mshauri wa masomo wa shule mwaka huu, si mwaka wa mwisho, mkiwa na matokeo yake mkononi: kwa vyuo vya daraja la kwanza NCAA, chama cha michezo ya vyuo, inadai masomo 16 ya msingi na wastani wa alama wa 2.3, na somo lililoachwa darasa la kumi ni gumu kulifidia. Kocha mwombeni awatajie kwa uwazi ni vyuo vya kiwango gani anavyoona vinamfaa. Mtu akija kuwaambia atamtafutia chuo kwa malipo, mwulizeni kocha kabla ya kutoa senti. Na mpwa wako akigongwa kichwa halafu akalalamika kizunguzungu, kichefuchefu, mwanga kumsumbua au kusahau mambo, atoke uwanjani siku hiyohiyo na asirudi mpaka daktari amwone ana kwa ana. Maumivu yakizidi, akitapika tena na tena au akishindwa kuamka vizuri, mpelekeni hospitali usiku huohuo.